Kibao cha duka England: ndani ya jengo, ukutani mbele ya maegesho, au kwenye nguzo ya pamoja?

Mtu akishapewa funguo za duka kwenye kituo kikubwa cha maduka England, swali analoanza nalo kwa fundi wa vibao ni "kiwe kikubwa kiasi gani?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kibao kitakaa wapi na kitawaka namna gani. Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utafunga kibao wiki ijayo, utasubiri miezi miwili au zaidi, ama utaambiwa ukishushe kikiwa kimeshalipiwa.

Sheria inayohusika ni kanuni za mwaka 2007 za kudhibiti matangazo, zilizotungwa chini ya sheria ya mipango miji ya 1990. Zinatumika England tu. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini zina kanuni zake, kwa hiyo kipimo alichokupa ndugu yako wa Glasgow usikipeleke Leicester. Msimamizi ni idara ya mipango miji ya halmashauri ya mahali duka lilipo, nayo inaruhusiwa kuangalia mambo mawili tu: mandhari ya eneo na usalama wa watu, hasa wanaoendesha magari. Kibao kikiandikwa "Duka la Mama Zuhura" au "Mchele, Unga, Dagaa" kwa Kiswahili kitupu, si kazi yao. Lugha na maneno hayapimwi. Wanachopima ni ukubwa, urefu kutoka ardhini, mwanga na mahali.

Aliyezoea Dar es Salaam au Nairobi atashangaa jambo moja. Kwetu bango lina malipo ya kila mwaka kwa serikali ya eneo, na ukubwa wake ndio unaopandisha ankara. England halmashauri haidai ushuru wa mwaka kwa kibao cha dukani kwako. Ukihitaji kibali unalipa ada ya ombi, basi. Anayekudai kila mwaka, kama yupo, ni mwenye jengo.

Kila kibao huangukia katika mojawapo ya mafungu matatu. Kuna vilivyo nje kabisa ya udhibiti. Kuna vyenye ruhusa ya moja kwa moja: huombi chochote, mradi usivuke vipimo vilivyoandikwa. Na kuna vinavyohitaji kibali cha maombi. Kila eneo unaloweza kupewa kituoni lina mwelekeo wake:

| | Ndani ya jengo la maduka | Ukutani mbele ya maegesho | Paneli kwenye nguzo ya pamoja | Skrini ya nje |
|---|---|---|---|---|
| Ombi kwa halmashauri | Kwa kawaida hakuna | Hakuna ukikaa ndani ya vipimo | Nguzo yenyewe: ndiyo. Paneli tu: mara nyingi hapana | Ndiyo |
| Mwamuzi wa kweli | Mwenye jengo | Vipimo vya kanuni, kisha mwenye jengo | Mwenye jengo | Halmashauri na mamlaka ya barabara |
| Kinachokwamisha | Michoro na vyeti vya moto | Urefu kutoka ardhini, aina ya mwanga | Nafasi imejaa | Usalama wa madereva |
| Inamfaa | Anayetegemea wapita njia | Wengi | Anayetafutwa kwa gari | Wachache sana |

Ndani ya jengo

Kwenye majengo yaliyofunikwa kama Bluewater ya Kent, Lakeside ya Thurrock au Westfield ya Stratford, mbele ya duka lako kunatazama ushoroba, wala si barabara. Kibao kilicho ndani, kisichowaka, na kilicho zaidi ya mita 1 kutoka dirisha, mlango au uwazi wowote wa nje kinakoweza kuonekana, kiko nje ya udhibiti moja kwa moja. Vilevile matangazo yaliyo ndani ya eneo lililozungushiwa, yasiyoonekana kirahisi kutoka nje, hayahesabiwi. Ndiyo maana kwenye ushoroba wa ndani unaona maduka yanamulika kila rangi na halmashauri haina habari nayo.

Usichukulie kwamba hapo umepona. Mwenye jengo ana kitabu chake cha masharti ya wapangaji, na kitabu hicho ni kikali kuliko kanuni za serikali. Ndani yake utakuta kimo cha herufi, umbali kati ya herufi na kingo za ukuta wa mbele, marufuku ya boksi la taa linalowaka uso mzima, marufuku ya bango la kitambaa na karatasi za kubandika kwenye kioo, na saa ambazo kibao lazima kiwe kimewashwa. Kiombe kabla ya kusaini mkataba wa pango. Ukishasaini, umekikubali hata kama hujakisoma.

Baada ya hapo huja michoro. Mwenye jengo atataka mchoro wa mbele wa duka zima, mkato unaoonyesha kibao kinavyoshikwa ukutani, mchoro wa umeme, na cheti cha namna kila nyenzo inavyoshika moto. Hili la mwisho limekuwa gumu tangu moto wa jengo la Grenfell, London, Juni 2017, ambako paneli za alumini zenye plastiki katikati zilichangia sana kuusambaza moto. Paneli za familia hiyo ndizo mafundi wengi wa vibao hutumia, unene wa milimita 3, kwa kuwa ni nyepesi na hukatika vizuri. Fundi akikuletea bei bila kutaja ni paneli ya aina gani, mwulize mapema, maana kibao kilichokwisha kupakwa rangi kinaweza kurudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi moja.

Kufunga nako kuna taratibu zake: usiku baada ya wateja kuondoka, fundi akiwa na maandishi ya tathmini ya hatari na namna atakavyofanya kazi, bima ya madhara kwa watu wengine (mara nyingi paundi milioni 5 au 10), na kadi ya mafunzo kama atatumia jukwaa la kuinua. Fundi wa bei rahisi asiye na hivyo hataruhusiwa kupita langoni, na usiku ule umepotea.

Mtego wa ndani ni duka la pembeni lenye kioo kinachotazama nje ya jengo. Ukitundika neno la taa ndani ya mita 1 ya kioo hicho, umetoka kwenye msamaha, na kibao kinapimwa upya kwa kanuni kama kinachoonekana na umma. Lisogeze ndani.

Ukutani mbele ya maegesho

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo wengi hukosea.

Nje ya mji utakuta zile safu za maduka makubwa kama maghala, yanayozunguka maegesho ya pamoja. Fosse Park ya Leicester ni mfano unaojulikana. Mahali kama hapa huitwa retail park, na kanuni zinalipa jina hilo maana maalumu: kundi la maduka 3 au zaidi, angalau moja likiwa na eneo la ndani lisilopungua mita za mraba 1,000, yaliyojitenga na vituo vingine vya maduka lakini yakiwa ndani ya mji uliopo au uliopangwa, na yanayotumia maegesho ya pamoja. Kituo chako kikikosa kimojawapo cha hivyo, nafuu ya taa nitakayoieleza hapa chini haikuhusu, hata kama mwenye jengo amekiita kwa jina hilo kwenye vipeperushi vyake.

Anza na kibao kisichowaka. Ruhusa ya moja kwa moja inakuja kupitia kinachoitwa Kundi la 5, na masharti yake ni haya. Hakuna herufi wala alama inayozidi kimo cha mita 0.75. Hakuna sehemu ya kibao inayozidi mita 4.6 kutoka ardhini, wala inayopita usawa wa chini wa madirisha ya ghorofa ya kwanza kwenye ukuta huo. Kibao kihusu biashara iliyomo humo humo: jina, bidhaa, huduma. Ukuta wa duka uwe ule wenye dirisha la duka. Hakiwaki, isipokuwa kinachoonyesha kwamba hapo kuna huduma au vifaa vya tiba, ndiyo maana msalaba wa duka la dawa unaweza kuwaka. Katika maeneo ya udhibiti maalumu, ambayo mengi ni ya mashambani, vipimo hushuka: herufi mita 0.3, urefu mita 3.6, na eneo la kibao halizidi asilimia 10 ya ukuta unaohesabiwa.

Yasome tena polepole, maana kila moja lina mtu lililomkwamisha. Mita 0.75 inahesabu alama pia; nembo ya duara yenye kipenyo cha sentimita 90 imevunja sharti hata kama herufi zote ni za sentimita 40. Sharti la dirisha la duka linaufuta ule ukuta wa pembeni, mkavu, unaotazama barabara ya mzunguko, ambao kila mpangaji anautamani. Sharti la "biashara iliyomo humo" linamgusa mwenye duka la vyakula aliyemwahidi rafiki yake nafasi ya kutangaza usafirishaji wa mizigo kwenda Mombasa: kama mizigo haipokelewi dukani hapo, tangazo hilo halina ruhusa ya moja kwa moja.

Kisha mita 4.6. Majengo haya huwa na kimo cha mita 8 na zaidi, na ule mkanda mpana wa vibao uliochorwa na msanifu mara nyingi uko juu ya mlango, mita 5 au 6 kutoka ardhini. Yaani mahali jengo lenyewe linapokualika uweke kibao, ruhusa ya moja kwa moja haifiki. Wale majirani wenye herufi kubwa huko juu waliomba kibali. Hili halihitaji kubahatisha: daftari la maombi ya mipango liko wazi kwa umma, na halmashauri zimeliweka kwenye tovuti zao. Tafuta kwa anwani ya duka lako, angalia maombi ya matangazo ya mpangaji aliyetangulia, pakua michoro na barua ya uamuzi. Ndani ya nusu saa unajua kibao cha kimo gani kilikubaliwa kwenye ukuta huo huo, kwa mwanga gani, na kama kuna kilichokataliwa na kwa sababu gani. Ni kazi ya bure ambayo watu hulipa mshauri awafanyie.

Mita 0.75 inaonekana ndogo hadi upige hesabu ya kusomeka. Kanuni ya mafundi ni milimita 25 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, ili neno lisomeke kwa raha, bila kukodoa. Gawanya umbali kwa 120. Mteja anayeshuka garini mita 60 kutoka mlangoni anahitaji herufi za sentimita 50. Herufi ya mita 0.75 inamtosha aliye mita 90, na kwa mbali zaidi bado inasomeka, ila kwa jitihada. Maegesho mengi hayavuki hapo. Anayedai herufi za mita 1.2 mara nyingi anashindana na jirani wala hamfikirii mteja.

Sasa taa. Kundi la 4A linatoa ruhusa ya moja kwa moja kwa kibao kinachowaka, mradi duka liko kwenye kundi la maduka la maana ile niliyoitaja, na kibao kinatazama maegesho ya pamoja yaliyozungukwa kabisa na maduka hayo. Maegesho yakiwa yamepakana na barabara ya umma upande mmoja, soma sharti hilo kwa makini kabla hujajipa moyo. Kibao kinachotazama barabara ya mzunguko hakimo. Vilevile usitegemee ruhusa hii kwenye maeneo ya hifadhi ya majengo ya zamani na mandhari yaliyolindwa. Mwanga usiwake-na-kuzima, wala kusiwe na kitu kinachosogea.

Jambo linalobadilisha gharama ni lipi linawaka. Zinazokubalika ni namna mbili: herufi zinazotoa mwanga zenyewe huku ubao nyuma yake ukibaki giza, au mwanga wa nyuma, ambapo herufi ni ya chuma isiyopitisha mwanga na taa zinamwagika ukutani kuizunguka. Lile boksi la akriliki nyeupe linalowaka uso mzima, alilozoea kila fundi kutoka Kariakoo hadi Eastleigh, halimo. Kulirekebisha hakuhitaji kibali, kunahitaji usanifu: badala ya uso wa akriliki, weka bati la alumini lililopakwa rangi, likatwe herufi, na akriliki ya milimita 5 hadi 10 isukumwe kutoka nyuma ijaze matundu. Boksi ni lile lile, taa ni zile zile, lakini linalowaka ni neno tu. Mtu akipeleka mchoro wa namna hii badala ya ule wa boksi jeupe, mara nyingi amejiokolea miezi.

Kati ya hizo mbili, mwanga wa nyuma ni mzuri zaidi kwa macho na huwapendeza wenye majengo, ila una kinyongo chake. Herufi isimame milimita 30 hadi 50 kutoka ukutani. Karibu zaidi, kila taa inaonekana kama doa lake. Ukuta ukiwa wa kung'aa, kama bati lenye rangi ya kioo au marumaru, utaakisi zile taa moja moja na kibao kitaonekana kama mkufu uliokatika. Paka rangi ya kufubaa nyuma ya herufi, au chagua herufi zinazowaka usoni. Na usome kibao mchana: herufi za fedha juu ya bati la kijivu hazionekani hadi jua lizame, na England ya Juni jua linazama saa 3 na zaidi usiku.

Umeme wake ni mdogo lakini una njia moja ya kuharibika inayojirudia. Taa hizi hutumia volti 12, na fundi akiweka trafo kwenye chumba cha stoo mita 10 kutoka kibaoni kwa waya wa milimita za mraba 1.5, mkondo wa ampea 8 utapoteza karibu volti 2 njiani. Herufi ya mwisho inakuwa na rangi ya chai. Weka trafo nyuma ya kibao au juu ya dari jirani, ndani ya mita 2 au 3, pawe na mlango wa kufikia. Au nenda volti 24: mkondo unapungua nusu, upotevu unashuka hadi volti 1 katika 24. Usiipakie trafo zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Herufi zinazokula wati 96 zipewe trafo ya wati 120, siyo ya wati 100. Omba pia cheti cha umeme baada ya kufunga, kwa kiwango cha BS 7671. Mwenye jengo atakidai, na bima nayo.

Tahadhari moja kuhusu kubadilisha ukuta. Ruhusa ya kibao inabeba kazi ya ujenzi inayohitajika kukiweka, kwa hiyo huhitaji kibali cha pili cha ujenzi kwa ajili ya kibao kile kile. Lakini ukibomoa sehemu ya mbele ya duka, ukabadili milango, vioo au bati la ukuta ili kibao kikae vizuri, hilo ni ombi jingine kabisa, lenye fomu yake. Watu hulichanganya na kibao halafu hushangaa barua inapokuja.

Nguzo ya pamoja

Ile nguzo ndefu kwenye mlango wa kituo, yenye majina ya maduka yamepangwa kama orodha, inahitaji kibali cha maombi kwa sababu haiko kwenye ukuta wa duka. Kwa mpangaji mdogo swali si kuijenga, ni kupata nafasi. Kama nguzo ipo na ina kibali, kubadilisha paneli yenye jina la aliyehama kuwa jina lako kwa kawaida hakuhitaji ombi jipya, mradi ukubwa, mahali na mwanga vibaki vilevile. Soma masharti ya kibali chake kwenye daftari lile lile la halmashauri. Kikiwa kimetaja matangazo mahususi badala ya kuruhusu mahali patumike kwa matangazo, jibu linaweza kubadilika.

Paneli ya nguzo hukodishwa. Kwenye mkataba tafuta mambo manne: bei yake imo kwenye kodi ya pango au ni tofauti, nani analipa umeme na ukarabati, nafasi yako ni ipi kutoka juu, na mwenye jengo anaweza kukuhamisha bila ridhaa yako? Duka lililo nyuma ya kituo, lisiloonekana kutoka mlangoni, hilo la mwisho lipiganie hadi mwisho.

Usiandike mengi hapo. Dereva anayeingia kwa mwendo wa maili 30 kwa saa anasafiri mita 13 kila sekunde. Akianza kusoma nguzo mita 60 kabla ya kona, ana sekunde zisizozidi 5 kwa orodha nzima, na jina lako ni moja kati ya kumi. Jina na neno moja la bidhaa vinatosha. Namba ya simu kwenye nguzo ni rangi iliyopotea.

Wapangaji wachache wanaochangishana kujenga nguzo mpya wajue uzito wa jambo. Chukua nguzo ya kimo cha mita 6 na upana wa mita 2, uso wa mita za mraba 12. Upepo wa mita 35 kwa sekunde una msukumo wa karibu nyutoni 750 kwa mita ya mraba (0.613 mara mwendo wa upepo kipeo cha pili). Zidisha kwa 1.8, namba ya umbo inayotumika kwa mbao za matangazo, na una takriban kilonyutoni 16, uzito wa gari dogo linaloisukuma nguzo kwa pembeni katikati ya kimo chake. Msingi wa zege hapo ni kazi ya mhandisi, si ya fundi wa vibao mwenye sururu. Na kabla ya kuchimba, tafuta ramani ya nyaya na mabomba ya maegesho: umeme wa taa za nje na mifereji ya maji ya mvua hupita hapo hapo kwenye ukingo wenye nyasi ambako kila mtu anataka kusimamisha nguzo.

Skrini

Skrini ya nje ndiyo inayotamaniwa sana, na ndiyo inayokataliwa kirahisi. Inahitaji kibali cha maombi, mamlaka ya barabara itaulizwa maoni, na ikiwa barabara ni ya kitaifa, National Highways pia. Masharti ya kawaida ya vibali vya namna hii ni picha tulivu bila video, kila picha ibaki angalau sekunde 10, na mwanga wa usiku ushushwe, mara nyingi hadi kandela 300 kwa mita ya mraba. Skrini iliyonunuliwa kwa ajili ya video, ikaruhusiwa kuonyesha picha tuli, ni bango la karatasi la bei mbaya. Kwa duka moja la vyakula au nguo, pesa hiyo iende kwenye herufi nzuri ukutani. Skrini ina maana kwa mwenye kituo mwenye wapangaji wengi wa kuigawana.

Ukilazimika kuomba

Ombi hupelekwa kwa mtandao kupitia Planning Portal. Andaa ramani ya mahali kwa kipimo cha 1:1250 au 1:2500, na michoro ya kibao kwa 1:50 au 1:100 ikionyesha upana, kimo, unene, urefu kutoka ardhini hadi chini ya kibao, kinavyochomoza kutoka ukutani, nyenzo, rangi, na namna ya mwanga pamoja na ukali wake kwa kandela. Maombi mengi hukwama kwa kukosa namba hiyo ya kandela, kwa sababu mwombaji humwachia fundi, na fundi huandika "taa za kawaida". Mwambie fundi aipate kwa mtengenezaji wa taa.

Halmashauri ina wiki 8 za kuamua, na wiki hizo huanza ombi likishakubaliwa kuwa limekamilika, siyo siku ulipobofya kutuma. Ikikataa, una wiki 8 za kukata rufaa. Kibali hudumu miaka 5 isipokuwa kimesema vingine. Usiagize kibao kabla ya barua ya uamuzi. Ushauri huu kila mtu anaujua, na kila mwaka stoo za mafundi hujaa herufi za majina ambayo hayakuwahi kupanda ukutani.

Kibao kilichowekwa bila ruhusa ni kosa la jinai, faini yake hufika paundi 2,500, na kikiendelea kubaki baada ya hukumu huongezeka hadi sehemu ya kumi ya kiwango hicho kwa siku. Anayeweza kushtakiwa ni mwenye ardhi na pia mwenye biashara inayotangazwa, ndiyo maana mwenye jengo huwa mkali kuliko halmashauri. Hata kibao chenye ruhusa ya moja kwa moja si kinga ya milele: halmashauri inaweza kutoa notisi ya kukikomesha ikiona kinaharibu sana mandhari au kinahatarisha watu. Na masharti ya msingi yanamfuata kila mtu: mwenye mahali awe ameridhia, kibao kisizibe alama za barabarani, kitunzwe, kiwe salama, na kikiondolewa mahali pabaki pazuri.

Wenye ndugu Marekani wasitumie majibu yao hapa. Kule kila mji huandika kanuni zake za vibao, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa 2015 katika kesi ya Reed dhidi ya mji wa Gilbert, Arizona, miji mingi imelazimika kuzipitia upya ili isibague vibao kwa maneno yaliyomo. Herufi ya mita 0.75 haina maana yoyote Minneapolis.

Tuchague

Duka lako likiwa ndani ya jengo, umeshachaguliwa: fuata kitabu cha mwenye jengo na uweke nguvu kwenye nyenzo. Likiwa mbele ya maegesho, na sehemu ya ukuta iliyo chini ya mita 4.6 inaonekana vizuri, chukua herufi zisizozidi mita 0.75, neno tu ndilo liwake, na uombe paneli kwenye nguzo iliyopo. Huo ndio mseto tunaoupendekeza kwa wengi. Ombi la kibali lifanyike pale tu ukuta wa chini umezibwa na kibaraza au miti, au mpangaji aliyetangulia alishapata kibali cha juu ambacho bado hakijaisha. Angalia tarehe yake kwanza.

Tofauti kati ya kibao cha kwenye ukuta wa duka na paneli ya nguzo huonekana zaidi siku ya kuondoka. Paneli unaiacha, au unaichomoa kwa bisibisi. Herufi za ukutani mkataba wa pango hukutaka uzishushe, uzibe kila tundu, na upake rangi ukuta mpaka kivuli cha jina kisionekane, maana bati lililofunikwa miaka mitano hubaki na rangi yake ya zamani na neno lako husomeka bila herufi. Ukiagiza, mwombe fundi azifunge herufi kwenye reli moja ya rangi ya ukuta badala ya kila herufi kushikwa kivyake: mashimo 8 badala ya 60.